Bega la Mnyanyua Vyuma: Kisu au Subira?



Barua nyingi mnazotuletea huuliza juu ya mirathi, mahari na malezi ya watoto. Juma hili tumeziweka kando ili tuzungumze juu ya bega. Huenda msomaji akashangaa, akasema bega lina nini hata lipewe nafasi katika ukurasa wa familia? Jibu letu ni kwamba bega la kijana mmoja likiharibika, hawi yeye peke yake aliyeharibikiwa. Kuna mama anayehesabu bangili zake, mke anayebeba ndoo mbili badala ya moja, na karakana ambayo mlango wake haufunguliwi asubuhi.

Katika Mfungo Mosi, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alitufuata barazani. Ni mama tunayemheshimu. Watu wa mtaa wetu wamekula mahamri yake kwa miaka mingi. Aliketi, akakunjua kitambaa, akatuonyesha bangili nne za dhahabu alizoachiwa na marehemu mamake.

"Maalim," akasema, "leo sitaki fatwa. Nataka uniambie, niuze hizi au nisiuze?"

Tukamwomba aeleze. Mwanawe ana miaka 24, ni seremala, na kwa miaka mitatu amekuwa akienda jimu kila jioni kunyanyua vyuma. Tangu Rajabu bega la kulia lilikuwa likimuuma, mwanzo akisukuma chuma tu, kisha akipiga randa, kisha hata akilalia ubavu huo usiku. Walikwenda hospitali ya kulipia, akapigwa picha, na wakatoka na karatasi iliyoandikwa upasuaji na bei yake. Bei hiyo ndiyo iliyozitoa bangili sandukuni. Nyumbani kila mmoja alikuwa na lake. Ami yake alisema haya ndiyo malipo ya kujionyesha misuli, aache jimu na yatakwisha. Wenzake wa jimu wakamwambia aliyepasuliwa bega hanyanyui tena maisha yake yote. Kijana mwenyewe hakusema neno, ila kila usiku mama alimsikia akigeuka kitandani.

Tukiri mbele yenu kwamba jibu lilikuwa lishafika kwenye ulimi. Tulitaka kusema, "Dada yetu, subirini." Ni neno jema, na watu huja kwetu kulisikia. Lakini tulilimeza, na sababu ya kulimeza yafaa tuieleze, japo si ya kujivunia.

Miaka miwili nyuma tuliulizwa swali lililofanana na hili. Baba mmoja alikuja na habari ya mwanawe aliyekuwa amelala chali akisukuma chuma kizito. Chuma kilipokuwa kikimteremkia kifuani, kijana alihisi kitu kimechanika karibu na kwapa, kama kitambaa kinachoraruliwa. Siku ya pili mkono ulikuwa umevilia damu, rangi ya zambarau kutoka kifuani hadi karibu na kiwiko. Sisi hatukuuliza zaidi. Tulisema maneno mazuri juu ya subira, kisha tukamwelekeza kwa mzee anayejua kuchua. Mzee yule ni mtu mwema na mikono yake imewapa wengi nafuu. Kijana alichuliwa kwa majuma tisa. Uvimbe ulikwisha, rangi ikarudi, sote tukamshukuru Mola.

Nguvu haikurudi. Alipofika hatimaye kwa daktari wa mifupa aliambiwa kwamba ukano wa msuli wa kifua, pale unaposhika mfupa wa mkono chini kidogo ya bega, ulikuwa umekatika wote. Lau angefika katika majuma ya mwanzo, ukano ule ungeshonwa na kurudishwa kwenye mfupa wake. Sasa ulikuwa umejivuta mbali, umesinyaa na kushikamana na nyama; kuurudisha ilikuwa kazi nzito zaidi na matumaini yake yamepungua. Kijana yule anaishi na anafanya kazi, lakini kifua chake kina bonde upande mmoja, na mkono ule hausukumi kama zamani. Baba yake hakutulaumu hata kwa jicho, na hilo hutuuma zaidi kuliko lawama.

Basi safari hii tulimwambia mama, "Rudisha bangili sandukuni kwa siku kumi. Tupe ruhusa tufuatane na kijana." Tukaenda naye kwa daktari wa pili wa mifupa, kisha kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambao wengi humwita fizio. Tukauliza maswali mengi kuliko mgonjwa mwenyewe, na tuliporudi tukasoma. Sisi si matabibu, na hatuandiki haya ili yachukue mahali pa daktari. Tunayaandika ili familia ijue la kumuuliza.

Tuanze na bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, na mahali kinapokaa ni padogo na hapana kina. Ni mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono huweza kuzunguka kila upande kwa namna ambayo mguu hauwezi. Lakini uhuru huo una gharama. Kinacholizuia chungwa lisianguke si mfupa, bali ni nyama na kano: misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa, ukingo wa gegedu unaolizunguka kombe lake, na mishipi inayovifunga vyote pamoja. Juu yake unapita mtulinga, mfupa ule tunaouhisi chini ya shingo, ambao ncha yake ya nje hukutana na ncha ya mfupa wa bega. Kwa hivyo mtu akisema "bega linauma", hajasema kitu bado. Ni kama kusema "nyumba inavuja". Fundi atauliza ni paa, ni bomba au ni ukuta.

Kwa kijana wetu, fizio alianza na jambo dogo. Alimwambia auvushe mkono wa kulia kifuani ashike bega la kushoto. Kijana akakunja uso. "Wapi?" akaulizwa. Akaonyesha kwa kidole kimoja, juu kabisa, pale mtulinga unapokoma. Picha za eksirei zilikuwa zimeonyesha jambo hilohilo: ncha ya mtulinga ilikuwa imeliwa kidogo, kama ubao ulioanza kuingia mchwa.

Maradhi haya yana historia inayojulikana. Mwaka 1982 daktari wa Marekani aitwaye Bernard Cahill aliandika habari za wanamichezo 46, wanaume watupu, ambao ncha za mitulinga yao zilikuwa zikiyeyuka bila ya kuanguka wala kugongwa. Katika hao 46, wote isipokuwa mmoja walikuwa wakinyanyua vyuma. Tangu hapo madaktari wengi huyaita maradhi haya bega la wanyanyua vyuma. Mfupa hupata nyufa ndogo ndogo kwa kusukuma uzito siku baada ya siku. Usipopewa nafasi ya kujijenga, huanza kuliwa. Adui mkubwa ni kule kusukuma chuma ukiwa umelala chali, hasa chuma kinapoteremshwa mpaka kigusane na kifua na viwiko vikashuka chini ya kiwiliwili, na kule kujinyanyua kwa mikono miwili katikati ya vyuma viwili.

Tukamuuliza yule daktari wa pili, "Je, apasuliwe?" Akatujibu kwa swali, na swali hilo ndilo tunalotaka kila nyumba ilihifadhi. Alisema: "Kabla ya kuniuliza kisu au mazoezi, niulize kwanza, jeraha hili linangoja au halingoji?"

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngojangoja huumiza matumbo. Watu huokota ile inayokubaliana na tabia zao. Mwenye pupa huikumbuka ya pili, mwenye hofu huikumbuka ya kwanza. Katika bega, jeraha lenyewe ndilo linaloamua methali gani itumike. Sisi tulimpa kijana wa kwanza methali ya kwanza ilhali jeraha lake lilikuwa la ya pili.

Yapo majeraha yasiyongoja. La kwanza ni kama la kijana yule: kitu kimesikika kupasuka ghafula wakati wa kunyanyua, damu ikavilia, umbo la kifua au la mkono likabadilika. La pili ni la mtu aliyeanguka au kuvutwa na uzito, kisha tangu saa hiyo hawezi kabisa kuinua mkono wake mwenyewe, ingawa mtu mwingine akimwinulia unakwenda. Huenda ukano umekatika wote. La tatu ni bega lililoteguka likatoka mahali pake. Hilo hurudishwa hospitalini baada ya picha, si mtaani kwa kuvutwavutwa, kwani hapo karibu hupita mishipa ya fahamu na ya damu. Na kijana chini ya miaka 25 ambaye bega lake limetoka mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutokwa tena kuliko mtu wa miaka 40. Kwa hivyo hata likirudi vizuri, aonane na daktari wa mifupa mapema azungumze naye juu ya upasuaji, asingoje litoke mara ya tano. La nne ni mkono uliokufa ganzi au kulegea, au bega lililovimba likawa moto pamoja na homa. Katika haya yote, majuma yana thamani kuliko dhahabu. Kuchelewa si subira. Na kuchua mahali palipokatika hakuungi kilichokatika.

Na yapo majeraha yanayongoja. Ni maumivu yaliyokuja polepole, bila siku mtu anayoweza kuitaja. Kano zilizochoka na kuvimba. Mchaniko mdogo usiofika upande wa pili. Na hii ncha ya mtulinga iliyoliwa. Haya hayaharibiki kwa kujaribu mazoezi miezi mitatu kwanza. Mlango wa upasuaji hubaki wazi. Kama mazoezi hayakufaa, daktari yupo palepale na kazi yake haijawa ngumu zaidi. Kwa hivyo mwenye jeraha la namna hii akikimbilia kisu, ametoa mali yake mapema, na mali si kitu peke yake alichokitoa. Kisu kina dawa yake ya usingizi, kina hatari ya maambukizi na ya bega kukakamaa, na kisichohitajika huwa kimetiwa hatarini bure.

Utafiti wa miaka ya karibuni umewatia madaktari wenyewe adabu katika jambo hili. Huko Uingereza, wagonjwa 313 waliokuwa na maumivu ya bega kwa miezi isiyopungua mitatu waligawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji uliozoeleka wa kukwangua mfupa ulio juu ya kano. La pili lilitiwa kamera begani tu, likafungwa bila kukwanguliwa kitu, na wagonjwa hawakujua. La tatu halikufanyiwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokwanguliwa na waliotiwa kamera tu walipata nafuu sawasawa, na tofauti yao na wale wasioguswa ilikuwa ndogo mno. Marekani nako, watu 452 waliokuwa na ukano uliotoboka kwa uchakavu, wala si kwa ajali, walipewa mazoezi maalumu kwanza. Baada ya miaka miwili, waliochagua upasuaji hawakufika robo yao.

Lakini uadilifu watutaka tuseme upande wa pili pia. Watu hao wengi wao walikuwa na umri mkubwa, wala hawakuwa vijana wanaonyanyua vyuma. Na huko Norway, wagonjwa 103 wenye ukano uliotoboka walifuatwa kwa miaka kumi. Wale walioshonwa walikuwa na hali nzuri zaidi mwishoni, na kwa baadhi ya wale wa mazoezi tundu lilikuwa limeongezeka. Basi asije mtu akasema upasuaji ni udanganyifu. Upasuaji ni jibu zuri la kitu kilichokatika. Si jibu la kila kinachouma.

Sasa tuseme juu ya mazoezi, maana neno hili limedhulumiwa. Watu wengi hudhani tiba ya mazoezi ni kupumzika, au ni kwenda mara mbili kupashwa joto kwa mashine kisha kusema "nilijaribu, haikufaa". Tuliyoyaona kwa kijana wetu si hayo. Majuma ya mwanzo aliondolewa kila kinachomchokoza: asilale chali kusukuma chuma, asijinyanyue katikati ya vyuma, asipige pushapu. Kisha akapewa mazoezi madogo ya kuamsha misuli ya nyuma ya bega na ile inayoshika kombe la mkono, kwa mpira wa kuvuta uliofungwa kwenye komeo la mlango. Kila siku, mara chache kwa utulivu. Yalikuwa mepesi hata akaona haya. Mtu aliyezoea kuinua kilo 100 huona ni dharau kuvuta kipande cha mpira mbele ya mamake. Wengi huvunjika hapa, katika juma la tatu. Huvunjwa na kiburi zaidi kuliko maumivu.

Baadaye uzito uliongezwa polepole, na akafundishwa kunyanyua upya: aushike mti wa chuma kwa mikono iliyokaribiana zaidi, na asikiteremshe chuma mpaka kifuani, bali akomee juu kidogo, taulo lililokunjwa likiwa limewekwa kifuani kama mpaka. Kipimo alichopewa ni hiki: maumivu madogo wakati wa zoezi yavumilika, lakini yakibaki mpaka kesho yake asubuhi, ujue jana ulizidisha.

Wala asidhani mtu kwamba akipasuliwa atayaepuka hayo. Kwa ugonjwa wa ncha ya mtulinga, daktari hukata takriban sentimita moja ya ncha iliyoharibika, na mara nyingi matokeo yake ni mazuri, tofauti na wanavyovumisha wenzake wa jimu. Lakini hata baada ya hapo kuna majuma ya uangalifu na miezi ya kujenga nguvu. Kwa ukano ulioshonwa huwa ni zaidi: majuma manne hadi sita mkono ukiwa umetundikwa shingoni, na karibu miezi sita kabla ya kurudia uzito mkubwa. Kwa hivyo anayechagua kisu ili akwepe mazoezi amejidanganya. Mazoezi yamo katika njia zote mbili. Kisu kimo katika moja tu.

Hapa tuna neno na mama zetu na wake wa nyumba hizi, kwani miezi hiyo hupita mikononi mwenu. Mwenye mkono shingoni hawezi kujifunga kikoi, hawezi kuteka maji, na fundi asiyefanya kazi haleti posho. Kabla ya kusema ndiyo kwa daktari, hesabuni miezi na si bei ya operesheni peke yake. Ulizeni bima ya SHA italipa nini na haitalipa nini, na mpewe jibu kwa maandishi. Ulizeni fizio atalipwa na nani baada ya upasuaji, maana tumeona familia zilizouza kiwanja kwa ajili ya kisu, zikakosa nauli ya kumpeleka kijana mazoezini, bega likakakamaa. Na mkumbusheni kijana asimfiche daktari kitu. Kama alikuwa akijidunga sindano za kukuza misuli, aseme, hata ikiwa ni kwa kutuomba sisi wazee tutoke nje kwanza.

Twaulizwa pia juu ya ibada. Kuinua mikono katika takbiri ni sunna. Asiyeweza kuinua mmoja atainua mwingine, au atainua kadiri awezavyo, na swala yake ni sahihi. Asiyeweza kuutegemea mkono katika sijida atafanya analoliweza. Mwenye bendeji amuulize mwalimu wa karibu naye juu ya udhu wake, asiache swala kwa kutojua. Ama istikhara, ni jambo jema na tunaihimiza. Ila tumeona watu wakiiswali usiku wa kwanza, kabla ya picha na kabla ya kumuuliza mjuzi, kisha wakangoja ndoto. Mtu huuliza wenye elimu, hukusanya yaliyo wazi, halafu humwomba Mola amchagulie lenye heri. Dua haikuwekwa ili itupunguzie mwendo wa kwenda hospitali.

Kwa wale wanaopenda mambo yaliyopangwa, haya ndiyo maswali tuliyoondoka nayo, nanyi mwende nayo:

Ni kitu gani hasa kilichoharibika, na kimeonekana katika kipimo gani?

Kimekatika chote au kimechoka?

Tukingoja miezi mitatu tukifanya mazoezi, tutapoteza nini?

Tukipasua, ni lini atarudi kazini, na ni lini atarudi kwenye vyuma?

Je, wewe daktari ungekuwa ni mwanao, na kazi yake ni hii, ungeanza na lipi?

Na kama jibu la daktari wa kwanza ni kisu, na jeraha si katika yale yasiyongoja, si utovu wa adabu kutafuta daktari wa pili. Daktari mzuri hakasiriki.

Sasa tumekaribia Mfungo Sita, na msomaji atataka kujua yaliyompata kijana wetu. Hatutapamba. Miezi miwili ya kwanza alikuwa na hasira, na mara moja alitoroka akaenda kusukuma chuma kwa siri; bega lilimhukumu usiku ule ule na akarudi nyuma majuma mawili. Leo analala ubavu wa kulia. Anapiga randa siku nzima. Anasukuma chini ya nusu ya uzito wake wa zamani, na taulo lake kifuani. Siku nyingine bado huhisi kitu kinachoma juu ya bega. Daktari amemwambia wataangalia tena baada ya miezi mitatu. Huenda bado akapasuliwa, na ikiwa hivyo, ataingia chumbani humo akiwa na misuli iliyo tayari na familia iliyojua kwa nini. Mama yake alitupitia Ijumaa iliyopita na sahani ya mahamri. Bangili zingali sandukuni. "Zikihitajika zitatoka, Maalim," alituambia, "lakini zitatoka kwa jambo ninalolijua."

Na yule kijana wa kwanza hukutana nasi msikitini. Hutusalimu kwa mkono wake wa kushoto juu ya ule wa kulia, kwa heshima, kama zamani. Nasi kila tukiushika mkono ule hukumbuka kwamba neno jema likisemwa kabla ya kuuliza laweza kuumiza. Akija mtu kwenu na maumivu yake, enyi mama na enyi masheikh wenzetu, msimpe methali kabla ya kumuuliza: ilikuwaje, lini, na je, ulisikia kitu kikipasuka?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wazazi wetu uwezo, na awape vijana wetu akili ya kujua kipimo cha nguvu zao. Tukutane juma lijalo inshaAllah. Wabillahi tawfiq.